Kuchora kwa kutiririsha rangi: maelekezo ya fundi rangi wa nyumba

Kazi inayonilisha ni kuzuia rangi isichuruzike. Nilifundishwa Tanga na mjomba wangu, aliyekuwa akipaka nyumba za Ngamiani na Chumbageni, na leo napaka kuta za watu New Jersey kwa kanuni zake zilezile: brashi isilowe kupita kiasi, mkono usisite, na tone likionekana ukutani lifutwe kabla halijashika. Siku za mapumziko nafungua gereji, natandika kitambaa sakafuni, nachukua makopo yaleyale na kufanya jambo ambalo mteja angenifukuzia kazi.

Pale MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, kuna picha iitwayo One: Number 31, 1950, ya Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani aliyetiririsha rangi juu ya kitambaa kilicholazwa sakafuni. Ina urefu wa zaidi ya mita tano, nyuzi nyeusi, nyeupe na kahawia zimepitana mpaka huoni pa kuanzia. Ukisimama hapo robo saa hukosi kumsikia mtu akisema hata mwanangu wa chekechea angeweza. Mimi sibishi. Nasema nenda ukajaribu, na haya hapa maelekezo.

Rangi

Nunua rangi ya mafuta ya nyumba, ile inayong'aa, tunayopaka milango na mageti. Achana na tyubu za wachoraji. Zile zimetengenezwa nzito makusudi ili zishike alama ya brashi, na hata ukizizimua uzi wake hukatika njiani. Rangi ya mlango ina tabia ya kujitandaza yenyewe na kufuta alama, na tabia hiyo ndiyo unayoitafuta. Pollock alikutana na wazo hilo mapema. Mwaka 1936 alikuwa kijana katika karakana ya mchoraji wa Mexico, David Alfaro Siqueiros, hukohuko New York, ambako walijaribu rangi za magari na za viwandani kwa kuzimwaga, kuzinyunyiza na kuziacha zidondoke. Ilipita zaidi ya miaka kumi, hadi 1947, ndipo akaifanya kuwa njia yake kuu.

Na msomaji wa Dar es Salaam asiniambie vifaa havipatikani. Edward Saidi Tingatinga alianza palepale, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya aina hiyohiyo na vipande vya hadibodi, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo na bei yake ilishikika. Yeye alitumia brashi, na chui wake akakaa pale alipomweka. Pollock naye alichora picha kadhaa juu ya hadibodi.

Rangi ya maji inawezekana, na kama kuna watoto ndani ya nyumba ni salama zaidi. Lakini uzi wake ni mfupi, na ikikauka mng'ao unapotea.

Ukishafungua kopo, koroga mpaka chini kabisa, kisha chuja rangi kwa soksi ya nailoni. Usiliruke hili. Kipande kidogo tu cha utando uliokauka kitakukatia uzi katikati ya mzunguko, na hapo huwezi kurudi nyuma. Mimina kiasi kwenye kopo dogo, uzimue kwa tapentaini, kifuniko kimoja cha chupa kwa wakati, ukikoroga kila mara. Tina ya magari usiitumie. Ni kali mno, inaweza kuikata rangi ya mafuta ikawa vipandevipande.

Kipimo ni hiki. Chovya kijiti, kiinue shubiri moja juu ya kopo, uhesabu taratibu. Rangi ishuke ikiwa uzi mmoja usiokatika mpaka ufike tatu au nne, ndipo ianze kudondoka matone. Ikikatika ukiwa bado kwenye moja, umeizimua mno; rudishia rangi nzito. Ikining'inia na kukataa kuisha, ongeza kifuniko. Andaa makopo mawili ya kila rangi, moja zito na moja jepesi, kwa sababu uzi mzito hukaa juu ya kitambaa ukaonekana umeinuka, na mwepesi huzama ndani.

Kuhusu idadi ya rangi, nne zinatosha: nyeusi, nyeupe, kahawia moja, na ile rangi ya fedha inayopakwa mageti na matangi. Hiyo ya mwisho sikuibuni mimi. Pollock aliipenda, na katika picha zake nyingi utaiona ikimeta nyuma ya nyeusi. Anayeanza hukimbilia nyekundu, njano, kijani na bluu zote kwa pamoja, na matokeo yake ni kitambaa cha meza cha sherehe. Picha yake ya 1950 inayoitwa Lavender Mist, iliyoko National Gallery of Art, Washington, ina jina linaloahidi ukungu wa zambarau, lakini hakuna zambarau iliyomwagwa humo. Jina lenyewe lilitoka kwa mhakiki wa sanaa Clement Greenberg. Kinacholeta ukungu ule ni nyeupe, nyeusi, kijivu na waridi kidogo vinavyochanganyikia machoni mwa mtazamaji.

Neno la usalama, na hapa naongea kama fundi. Fungua milango pande zote, vaa glovu na barakoa ya mvuke, maana ya vumbi haizuii harufu ya tapentaini. Hakikisha kopo limeandikwa kuwa rangi haina madini ya risasi. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta usivifinyange ukavitupa kwenye pipa: huzalisha joto vyenyewe na huweza kuwaka moto usiku mmelala. Vitandaze nje mpaka vikauke.

Kitambaa na sakafu

Chukua turubai la pamba lisilopakwa kitu, au marekani nzito. Kata kipande kisichopungua mita moja na nusu kwa mbili, na uache pembezoni upana wa kiganja kwa ajili ya kukazia kwenye fremu baadaye. Watu hunisihi waanze na kipande kidogo ili wasipoteze rangi. Nawakatalia. Kwenye kipande kidogo unatumia kifundo cha mkono, na kifundo kina mazoea ya kuandika: mara utaona umechora herufi, jani, jicho. Kitambaa kikubwa kinakulazimisha utumie bega, kiuno na miguu, na mstari unaotoka begani haujui kuandika.

Ila kama unaishi chumba kimoja, fuata mfano wa mchoraji Lee Krasner, mke wa Pollock. Yeye na Pollock walioana Oktoba 1945, na mwezi uliofuata wakahamia kijiji cha Springs, Long Island, kwenye nyumba ya mbao yenye banda. Banda likawa la mume. Lee alichora katika chumba cha kulala ghorofani, na humo ukazaliwa mfululizo wake wa Little Image, kati ya 1946 na 1950: picha ndogo zilizojaa alama nzito kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye baadhi yake alidondosha rangi. Udogo wa chumba haukumzuia kuijaza picha yote bila kuacha katikati panapotawala. Kwa maoni yangu bado hajapewa haki yake.

Tandika nailoni nzito sakafuni kwanza, kisha magazeti, kisha kitambaa. Rangi nyepesi itapenya hadi chini, usishangae. Bana pembe kwa mawe au makopo yaliyojaa. Ukitaka kitambaa kidumu, kipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mkono mmoja mwembamba, kikauke, maana mafuta yakigusa pamba tupu huidhoofisha kadiri miaka inavyokwenda. Gharama yake ni kwamba rangi nyepesi haitazama tena vizuri. Mimi huipaka nikiwa na picha ya kumpa mtu. Za kwangu naziacha tupu. Autumn Rhythm ya 1950, iliyoko Metropolitan Museum, imechorwa juu ya pamba tupu, na rangi ya kitambaa chenyewe ndiyo hewa ya picha ile.

Kwa nini sakafuni? Sababu ya kwanza ni ya kifundi: ukutani rangi huteremka yenyewe, na mteremko unakuwa wake, si wako. Sababu ya pili aliieleza Pollock mwenyewe: kitambaa kikiwa chini aliweza kukizunguka, kukifanyia kazi kutoka pande zote nne, na kujihisi yumo ndani ya picha. Aliufananisha utaratibu huo na wachoraji wa mchanga wa wenyeji wa asili wa magharibi ya Marekani. Ukipata nafasi ya kufika Springs, banda lile linatembelewa. Sakafu yake ilifunikwa kwa hadibodi mwaka 1953, na ilipofunuliwa miaka ya 1980 yakakutwa marasharasha ya rangi yaliyovuka mipaka ya picha zake. Wageni huvalishwa viatu laini ndipo wakaruhusiwa kuikanyaga.

Vya kushika mkononi

Kijiti cha kukorogea rangi ndicho mwalimu, na kwa majuma ya mwanzo usishike kingine. Hubeba rangi kidogo, kwa hiyo mstari wake ni mfupi na unakufundisha kubana. Baada ya hapo tafuta brashi iliyokauka ikawa ngumu. Hubeba zaidi na mstari wake unaanza mnene na kuishia mwembamba. Bomba kubwa la plastiki la kunyonyea mchuzi jikoni hutoa mstari mrefu kuliko vyote, na Pollock alilitumia hasa katika picha zake nyeusi za 1951. Mwiko wa fundi uashi unafaa kumwagia pande kubwa.

Kuna kopo lililotobolewa na kufungwa kamba, ukaliacha libembee. Mchoraji Max Ernst alilifanyia majaribio mapema miaka ya 1940. Watoto hulipenda sana na video zake zimejaa mtandaoni. Mimi silipendi. Kamba inachora mviringo uleule kila mara, unapungua na kupungua mpaka usimame, na mkono wako haukuwa na la kusema. Fanya mara moja ujue linavyokuwa, kisha urudi kwenye kijiti.

Na kwa kuwa tunataja waliotangulia: usije ukaamini Pollock ndiye aliyeanza. Janet Sobel, bibi mwenye wajukuu, mzaliwa wa Ukraine na mkazi wa Brooklyn, alikuwa akitiririsha rangi ya kung'aa kabla yake. Milky Way, picha yake ya 1945, iko MoMA. Greenberg aliandika baadaye kuwa yeye na Pollock waliziona kazi za mama huyo kwenye ukumbi wa sanaa wa Peggy Guggenheim, na kwamba Pollock alikiri zilimgusa.

Mkono

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo yule wa chekechea anaposhindwa. Kuna vitu vitatu vya kushika kwa pamoja: uzito wa rangi, urefu wa mkono kutoka kwenye kitambaa, na kasi. Ukibadili kimoja lazima ubadili na vingine.

Mwaga asali polepole juu ya kipande cha mkate, utaona uzi unajizungusha na kujipanga duara juu ya duara. Rangi nzito hufanya hivyohivyo mkono ukiwa mzito. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Roberto Zenit, mtaalamu wa mwendo wa vimiminika, walipima video za Pollock akiwa kazini, wakarudia mwendo wake maabara, na wakaona kuwa kasi na urefu aliouchagua vilikuwa vinaepuka karibu kabisa yale maduara. Mistari yake mirefu imenyooka au imepinda kwa sababu mkono ulipinda. Mtu anayesema ni bahati nasibu na alipitie hilo.

Fanya mazoezi kwenye maboksi yaliyofunguliwa. Shika kijiti kama sentimita thelathini juu. Anza kutembeza mkono kabla uzi haujagusa boksi. Ukingoja uguse kwanza, kila mstari utaanza na donge. Vivyo hivyo mwishoni: peleka mkono nje ya ukingo wa boksi ndipo uinue kijiti, mstari utoke ukiwa bado unakimbia. Kwenye kona mkono hupenda kusita, na pale unaposita rangi hurundikana. Si kosa, ila iwe umetaka. Zungusha kona kwa goti, siyo kwa kifundo.

Kisha badili urefu. Ukishuka hadi sentimita kumi mstari unakuwa mtiifu na mnyonge. Ukipanda hadi usawa wa kifua rangi inapiga kitambaa na kutawanya vitone pembeni. Badili kasi: ukienda mbio uzi unakonda hadi unakatika kuwa mnyororo wa matone, ukienda taratibu unanenepa, halafu unaanza kujizungusha. Rudia hadi useme kwanza mstari utakuwaje, na uwe hivyo. Ukifikia hapo, weka boksi kando.

Tabaka

Anza na nyeusi, kwenye kitambaa kitupu, kwa mistari mirefu inayopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndivyo ilivyoanza Autumn Rhythm. Tunalijua hilo kwa sababu mpiga picha Hans Namuth alikuwepo bandani na kamera mwaka ule wa 1950. Nyeusi ndiyo mifupa. Juu yake zikaja kahawia na nyeupe, na bluu kidogo ya kijanikijani ambayo wengi hawaioni.

Usizungushie kitu. Hili ndilo sharti gumu zaidi. Kwa kawaida mstari ni mpaka: huku ni ng'ombe, kule ni majani. Hapa mstari hauna ndani wala nje, unapita tu. Ukiona umefunga duara na macho yako yameanza kuona uso ndani yake, pitisha mstari mwingine ulikate kabla halijakauka. Hali kadhalika usijaze katikati ukaacha pembe. Tembea. Kila baada ya mistari kadhaa hamia upande mwingine wa kitambaa, ili picha isiwe na juu wala chini mpaka mwisho.

Kisha ngoja. Rangi mbichi juu ya mbichi huingiliana, mipaka yake inasambaa na kuleta mawingu. Mbichi juu ya kavu hukaa wazi, kila uzi na njia yake. Unahitaji zote mbili, kwa hiyo panga. Tanga wakati wa kaskazi, mistari myembamba ilishika usiku mmoja tu. Gereji yangu mwezi Januari ni habari nyingine.

Wakati wa kungoja, kibane kitambaa ukutani kwa pini na ukitazame kwa mbali. Pollock alifanya hivyo, na hilo husahauliwa kwa sababu ya picha za kamera za Namuth zilizompa umaarufu wa mtu anayecheza ngoma juu ya kitambaa. Umaarufu huo ulipata jina Desemba 1952, mhakiki Harold Rosenberg alipoandika katika jarida la ArtNews kuhusu uchoraji wa vitendo, kwamba kitambaa kimekuwa uwanja na kinachobaki juu yake ni tukio. Greenberg aliona kinyume: kinachohusika ni picha yenyewe, jinsi ilivyo bapa na ilivyoenea sawa bila kitovu. Wote wawili walisoma kundi moja la wachoraji ambao kwa kweli hawakufanana. Mark Rothko alipaka tabaka nyembamba za rangi na hakudondosha. Willem de Kooning hakuiacha brashi, na alirudia tena na tena kuchora wanawake. Tunawaita wote wa ekspreshonizimu dhahania, yaani uchoraji unaotanguliza hisia kuliko umbo halisi, lakini kutiririsha kulikuwa njia ya wachache, na kwa Pollock mwenyewe ilitawala kama miaka minne tu, 1947 hadi 1950. Mimi nikiwa na kijiti mkononi namsikiliza Rosenberg, maana mwili usipoingia mstari unalala. Kitambaa kikishapanda ukutani namsikiliza Greenberg peke yake. Nguvu uliyotumia haionekani kama picha ni mbaya.

Ukikitazama hapo ukutani utaona palipojaa mno na palipo na njaa. Palipojaa huwezi kufuta, ila unaweza kupitisha nyuzi za nyeupe nyepesi pakarudi nyuma. Unaweza pia kutumia kitu kingine kabisa: kwenye Number 1A, 1948 Pollock aligonga viganja vyake karibu na ukingo wa juu, kwenye Blue Poles ya 1952, iliyoko Canberra, aliweka milingoti minane ya bluu kwa ukingo wa ubao uliopakwa rangi. Full Fathom Five ya 1947 ina misumari, vifungo, sarafu na ufunguo ndani ya rangi. Usiige ufunguo. Ila ukidondosha kifuniko cha chupa kikaingia, kiache.

Anayetaka njia laini zaidi azimue rangi hadi iwe karibu maji na aimwage juu ya pamba tupu ikalowe. Mchoraji Helen Frankenthaler alifanya hivyo mwaka 1952 katika Mountains and Sea, baada ya kuziona kazi za Pollock, na wengi waliofuata walipitia mlango wake.

Kukausha na kuhifadhi

Acha picha ilale chali juma zima, hata kama juu pameonekana kavu. Vidimbwi vizito hufanya utando juu huku ndani ni vibichi; ukiisimamisha mapema utando hushuka na kujikunja. Mikunjo midogo itatokea hata ukisubiri, na iko hata kwenye zile za makumbusho. Kazia kitambaa kwenye fremu kuanzia katikati ya kila upande, ukielekea pembeni, mtu wa pili akivuta upande wa pili. Chagua upande wa juu sasa, siyo mapema. Usipake vanishi.

Kama huna fremu, kunja picha kwenye bomba pana la plastiki, rangi ikiwa imeangalia nje. Ikiangalia ndani, inasinyaa na kupasuka siku ya kuifungua.